Misalaba mitatu ya baba Musafiri

Mama Okito wetu wa radio, nakuomba unisikilize maana tangu asubuhi chakula hakipiti. Mimi niko infirmière, muuguzi, hapa Kindu, kwenye chumba cha réanimation, cha wagonjwa mahututi, na pale tuko na mgonjwa wa maladi ya sukari, baba Musafiri, fundi cherehani wa mtaa wa Mikelenge, aliyeletwa na kidonda cha mguu, na kazi yangu kila asubuhi njo kuchemsha mkojo wake na dawa ya buluu, buluu ikibaki sukari hakuna, ikigeuka nyekundu kama tofali sukari ni nyingi, halafu naandika misalaba kwenye fishi yake, karatasi ya kitandani, moja mpaka ine kadiri sukari ilivyo nyingi, na misalaba njo inasema nipige insulini kiasi gani. Basi leo wakubwa walikuwa wanafika na ndege, tukaambiwa infirmières wote tujipange uwanjani mapema, na pagne ya chama, kitenge chake, kwa animation, kuwaimbia na kuwachezea wakubwa, na wewe unajua asiyecheza anaandikwa jina, basi sikupima, niliandika misalaba mitatu kwa sababu jana ilikuwa mitatu, nikapiga insulini, nikakimbia kwenda kucheza. Niliporudi nikamkuta sukari imemshuka mno, ametoka jasho mpaka shuka imelowa, anatetemeka, anamwita mke wake kwa jina la marehemu mama yake, na huyo bibi yake, mama Mwanahamisi, alikuwa anamnywesha chai ya sukari nyingi na kijiko, na mzee akaanza kurudi akili. Pale pale munganga, daktari wetu, akaingia, akaona kikombe, akaona misalaba, akapiga kelele: "Wewe mama, unamuua bwana yako na sukari!" Akamfukuza asikanyage tena hospitali, na akaandika kwamba kesho saa moja asubuhi insulini iongezwe mara mbili. Mimi nilisimama pale nikatikisa kichwa kama namkubali. Na hospitali haipiki, mama Mwanahamisi njo alikuwa anamletea chakula, sasa mzee amekula biskuti zangu mbili tu. Nikisema ukweli nitafukuzwa kazi, na niko na watoto wane. Nifanye nini?

Mwenye haya

Ewe Mwenye haya, pole. Pole sana kwa chakula kisichopita. Baba Musafiri naye hajala, ila yeye anangojewa na sindano.

Na hongera kwa barua. Jana umepata nafasi ya kuandika kurasa mbili, umetembea na jua mpaka hapa radio kuileta mwenyewe, na ofisi ya munganga iko palepale unapofanya kazi. Miguu iko mizima basi, hata baada ya kucheza.

Juu ya animation mimi sisemi kitu, mimi nani niseme? Nasikia mlicheza vizuri mno na wageni walipiga makofi. Mkojo tu njo haukupimwa.

Mama Mwanahamisi hakusoma shule ya infirmières. Aliona bwana yake anakwisha, akamtia sukari mdomoni, akafanya kazi yako. Badala ya kumshukuru, wamemfukuza kama mwizi, na wewe ukatikisa kichwa! Hapo nimekasirika, dada, siwezi kukuficha. Watoto wane nawahurumia, mimi mwenyewe nimelea sita. Lakini ukifukuzwa utauza mihogo sokoni, na watoto watakula. Baba Musafiri akizikwa hatashona tena hata kifungo. Insulini mara mbili, na biskuti mbili tumboni: wewe njo umesoma, nielezee mimi itakuwa nini.

Sasa ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, na sindano ni saa moja. Usiguse sindano. Pima mkojo, upime kweli, mbele ya mwenzako. Chukua fishi, piga mstari juu ya misalaba yako ya uongo, uandike jina lako kando. Bisha kwa munganga, umwambie: "Sikupima, nilibuni, yule mama hana kosa." Atapiga kelele. Muache apige, koo ni lake. Na ikifika saa moja kasoro robo hujabisha, nitabisha mimi.

Halafu toka mpaka getini. Mama Mwanahamisi amesimama pale tangu alfajiri na sufuria ya uji, mimi njo nilimwambia aje. Nimemwambia kuna mtu atatoka kumwingiza ndani. Anauliza ni nani huyo mwenye roho nzuri, na mimi nimeshindwa kumjibu. Zima radio, uende ukamjibu wewe.