Findo la Chiriku

Jumatatu, 4 Machi
Daktari wa koo kamchungulia mdogo wangu, Chiriku. Findo la kushoto ni kubwa maradufu ya la kulia! Akaniita pembeni, anajua nasomea kupima maabara vinyama vinavyokatwa kwa wagonjwa. Kesho anayatoa yote mawili yakapimwe. Anaogopa nini? Saratani — lakini tusiyatangulie majibu.
Chiriku anataka awekewe mafindo yake kwenye chupa ya jamu. Nimecheka. Kisha nikaingia msalani, nikalia.

Alhamisi, 7 Machi
Majibu bado. Chiriku yuko kwangu, anakunywa uji wa baridi. Mama kapiga tena kutoka huko mbali. Nimemwambia ni mafindofindo tu. Chiriku, niliyemwambia yote, kaniangalia, karudia uji wake.

Jumanne, 12 Machi
Si saratani! Si saratani!!
Ngoja nitulie. Mwalimu wangu wa maabara alinikataza kuisoma slaidi, kile kioo chenye kipande cha findo: ndugu hapimi ndugu. Kaisoma mwenyewe, kaongeza vipimo, uso mkavu kama ubao. Leo kanisogezea kiti.
"Haya, unaona nini?"
Nikainamia hadubini. Rangi ya waridi na zambarau. Utando wa juu unazama ndani kama vichochoro — humo hunaswa vijidudu vya chakula na hewa tunayovuta. Kandokando, viduara: katikati vimepauka, ukingo mweusi. Kwenye huo weupe chembe za kinga zinajigawa, zinajifunza kumtambua adui. Zilizofeli zinamezwa na chembe kubwa, walafi wa hapo. Saratani ingevivuruga viduara hivi. Lakini kila kimoja kimekaa mahali pake, ukingo mnene umeelekea juu, adui anakotokea! Kichochoro kimoja tu kiliziba kwa usaha na taka, ndiyo maana findo likafura.
"Kambi ya jeshi," nikasema. "Na iko kazini."
"Sawasawa. Kwenye ripoti hilo jeshi tutalitoa."
Nikamkumbatia! Mtu mzima yule, miwani ikamdondoka.
Daktari wa koo kaniruhusu nipeleke habari. Nimekimbia na koti la maabara mwilini. Chiriku kanisoma usoni kabla sijafungua mdomo, kakaa sakafuni. Tumelia, tumecheka, jirani kagonga ukuta.
Naandika bado nahema. Na Mama huyo kwenye simu! Mbona tunapiga kelele, kuna nini? Chiriku kakatazwa kupayuka, kidonda bado kibichi. Kanipokonya simu hata hivyo. Sauti kama ya chura:
"Mama, kaa kitako kwanza. Kuna jambo tulikuficha —"