Binti Yako Anapaka Rangi

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini kuanza barua kwako bila shikamoo nimeshindwa.

Nimefika Ifakara jana kwa likizo. Nyumba yetu ya Viwanja Sitini ipo, na bati ulilolipaka rangi kabla sijaenda kusoma Ulaya bado halina kutu. La jirani limeshatoboka. Nililitazama letu hadi mama akaniita ndani.

Unakumbuka nilivyokununia? Uliwatangazia wateja wako wote, mpaka wale wa kijijini Mofu, kwamba binti yako amekwenda kupaka rangi Ulaya. Nikakuandikia kwa hasira kwamba mimi ni mwanakemia, siyo fundi rangi. Ukafariki kabla hujajibu. Inaniuma, Baba. Inaniuma mpaka leo.

Sasa sikiliza. Kazi yangu ni kibati cheusi, kidogo kama ukucha, kinachotumbukizwa majini. Jua likikipiga kinayagawa maji, inatoka hewa inayoweza kuwaka jikoni. Shida ni kwamba maji hayo hayo yanakila, kwa hiyo lazima kivikwe utando wa kukikinga. Nikaweka mnene, mwanga ukashindwa kupita. Nikaweka mwembamba, maji yakapenya kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na kufika asubuhi kibati kimeliwa. Profesa akaniambia kikiharibika tena, nitafute utafiti mwingine.

Hapo nikakukumbuka juu ya ngazi, brashi mkononi, ukinigombeza: "Nyembamba, mwanangu. Acha ikauke. Halafu ya pili ikatize ya kwanza, matundu yasikutane."

Nikafanya hivyo hivyo. Nikapaka utando mwembamba, nikauacha ukauke, nikauchoma kwenye tanuri, kisha nikakizungusha kibati robo duara na kupaka tena, wa pili ukatize wa kwanza. Kilidumu wiki nzima, Baba. Wiki nzima majini! Profesa akauliza mbinu hiyo nimeisoma kitabu gani. Nikamjibu kifua mbele: nimefundishwa na baba yangu, fundi rangi wa Ifakara.

Leo asubuhi mteja wako mmoja wa zamani alinisimamisha njiani akaniuliza ninafanya kazi gani huko. Nikamwambia ninapaka rangi. Akacheka, akasema ndivyo ulivyomwambia.

Msalaba wa chuma kaburini kwako umeanza kushika kutu. Pumzika, Baba. Kesho nakuja na brashi yako niupake, na ukishakauka nitarudi kupaka ya pili, ikatize ya kwanza.

Binti yako.