Zamu Yangu ya Maji ya Kutawadhana

Kijito cha Pawpaw,
Kentucky.
Jumatatu, 9 Agosti 1993.

Mpendwa Shangazi Ottie,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Goti linasemaje, na ngazi za nyumba yako hapo Dayton bado zinakutesa? Sisi tunapumua. Mtoto mchanga anaota meno na halali asiposhikwa, ndiyo maana mwandiko wangu unapanda na kushuka. Kaka yake Silas hajapona. Ngozi ya mikono na nyuma ya magoti imechanika, nikimwogesha analia mpaka sauti inamkauka.

Ni yale maji, Shangazi. Tangu kampuni ya makaa ya mawe ianze kulipua mlima ulio juu yetu, kisima alichochimba baba yako kinatoa maji ya rangi ya kutu, yananuka mayai viza. Nilipolalamika wakaniambia, na watu wa kanisani wakaitikia, kwamba maji ya huku ndivyo yalivyo. Kana kwamba mimi sikuyanywa tangu nilipoachishwa ziwa. Basi nimeomba nisikilizwe kwenye kikao cha wilaya, Alhamisi hii.

Tangu hapo kanisani nimekuwa kama mwenye ndui. Karibu kila nyumba inakula kwa mgodi, hata yetu, hilo nalijua. Lakini Verna, mke wa bosi wa mume wangu Garnet, ndiye aliyenishika mkono siku niliyobatizwa mtoni. Yeye ndiye aliyesema mbele ya kina mama tukikata maharage, "Mwenzenu Tressie anataka kutoka gazetini. Mumewe akifukuzwa, atawapikia watoto hiyo picha yake." Wakacheka, nami nimekaa palepale na kisu mkononi.

Ndugu Hobart, mchungaji wetu, akaniita pembeni. "Dada, Mungu angekuwa upande wako si angekwisha kujibu? Nyamaza umngojee."

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba, maana nimemngojea. Nimemwomba nikichuja maji kwa nepi, nimemwomba nikimpaka Silas mafuta. Sikupata ndoto wala neno, wala ule utulivu wa moyoni ambao bibi alikuwa akitusimulia. Mwishowe nilimwambia wazi: unawasikia hawa wanaolitumia jina lako kunifunga mdomo, na umekaa tu. Usishtuke, Shangazi. Hasira kama hizo sina mwingine wa kumpelekea.

Jana ilikuwa Jumapili ya kutawadhana miguu. Unakumbuka tunavyofanya: kila mwaka nyumba moja huleta maji ya mabeseni yote, tukishuka na bonde nyumba kwa nyumba. Sasa hawa katika haraka yao ya kunitenga walinitoa kwenye kupika, wakanitoa kwenye kutembelea wagonjwa, wakasahau kwamba mwaka huu zamu ya maji imeshuka mpaka kwangu.

Nikachota kisimani. Garnet akanitazama nikijaza ndoo. "Tress, bosi atakuwepo."

Nikamwambia najua. Akazinyanyua.

"Haya, nifungulie mlango basi, ndoo nzito hizi."

Nilijifunga taulo kiunoni nikapiga magoti mbele ya Verna. Soksi alikwisha kuvua. Akachungulia beseni.

"Hiki nini?"

"Maji, dada."

"Miguu yangu siitii humo."

"Silas anaoga humo kila jioni."

Ndugu Hobart akasema mtu aende kwake akalete maji mengine. Nikamwambia, bado nimepiga magoti, "Mlisema maji ya huku ndivyo yalivyo. Basi tawadhaneni." Verna akavaa soksi zake. Bi Icy, yule mjane wa juu ya daraja, akanyoosha miguu yake. "Nioshe mimi, mwanangu. Hii imekanyaga mabaya kuliko hayo." Nikamwosha, naye akaniosha. Wengine walitazama sakafu. Upande wa wanaume Garnet alikaa miguu mitupu mpaka ibada ikaisha, hakuna aliyemsogelea.

Nilidhani Mungu atasema kitu pale. Hakusema. Sauti iliyosikika ni ya Verna uani, akisema nimeinajisi ibada ya Bwana.

Leo asubuhi Garnet ameambiwa asije kazini mpaka Ijumaa, na Ijumaa watatazama. Kila mtu anajua watatazama nini. Nilimuuliza kama nijitoe kwenye kikao cha Alhamisi. Akasema, "Ukijitoa, Silas utamwambia nini?" Kisha akaenda kupasua kuni, na ni Agosti, katikati ya joto.

Kwa hiyo nitakwenda, na chupa ya maji mkononi na Silas ubavuni. Ndugu Hobart anadhani kumngojea Mungu ni kufunga mdomo. Mimi nitamngojea nikiwa nimesimama mbele ya kile kikao, nasema. Najua yupo. Anachokisubiri sikijui, na nimemwambia kwamba kinaniudhi. Siku atakayotaka kujibu, asinitafute jikoni nikilia.

Nisalimie Mjomba Burl, na Reva na wanawe. Mwambie Lonnie viatu alivyoleta vimemtosha Silas. Bwana akulinde wewe na goti lako, na akupe usingizi ambao mimi sina. Utuombee, Shangazi, ila usiombe ninyamaze.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Tressie