Mstari wa Katikati Umehamia kwa Mama

S.L.P. 418,
14 Juni

Mpendwa Dada,

U hali gani huko? Na kifua cha shemeji, kimetulia? Sisi miili ni mizima. Mama anakula, anatembea, na bado anaiita kazi yangu ya gazeti umbeya wenye mshahara.

Nakuandikia kuhusu nyumba yake. Itabomolewa. Nimeona bora uisikie kwangu kuliko kwa watu.

Unajua kwamba uwanja wa ndege hapa jirani wanapanua njia ya kurukia, kutoka mita arobaini na tano hadi sitini, ili zile ndege kubwa za ghorofa mbili ziweze kutua. Ramani ya kwanza haikugusa nyumba ya mtu.

Kumbe upande wa magharibi ni kinamasi, haubebi lami. Mita zote kumi na tano zikaongezwa upande wetu. Mstari wa katikati nao ukasogea mita saba na nusu, na kila kitu uwanjani hupimwa kutoka mstari huo. Kanuni inataka mita mia moja na arobaini zisizo na nyumba. Ukuta wa jiko la Mama ulikuwa kwenye mia moja arobaini na tano. Toa mwenyewe.

Aliyetumwa kupima ni shemeji yetu, mume wa kitindamimba. Mama alimfuata nyuma hatua kwa hatua.

"Pima tena, baba. Labda kamba imelegea."

"Nimeivuta mpaka mwisho, mama."

"Mkwe gani wewe? Umechukua binti, sasa unataka na jiko?"

"Nisamehe, mama. Kamba haijui mkwe."

Akachora alama nyekundu ukutani. Chai aliikataa, Mama akasimama mlangoni mpaka mkwe akainywa.

Nilikwenda kwa mhandisi wa uwanja. Nilimweleza kwamba viwango vya kimataifa vimebadilishwa: siku hizi mita arobaini na tano zinazitosha ndege hizo, mradi pembeni kuwe na mabega ya lami. Alinipa kiti, akanisikiliza, akakubali kila neno.

"Ni kweli kabisa, ndugu mwandishi," akasema. "Lakini lami hairudi kwenye pipa."

Nimetafuta wa kulaumu, sijampata. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyeiba. Hata habari ya kuandika haipo.

Jumamosi namhamishia kwangu, chumba cha nyuma. Kabati lake halipiti mlangoni. Fundi seremala anasema linakatika, ila halitaungika vizuri. Mama amesema likatwe.

Jana, akikunja mapazia, alinipa ombi lake moja kwako: siku ukija, upande ndege yoyote, ila si hiyo kubwa. Nikamwahidi nitakuandikia. Sikumwambia kwamba tiketi uliyokata ya Desemba ni ya hiyo hiyo. Nimemuuliza wakala wa tiketi. Haibadilishwi, wala hairudishwi. Sijui nimwambie nini, Dada. Ukijua wewe, niambie.

Nisalimie shemeji, Mapacha na Kibonge. Shangazi anawasalimu, na kitindamimba pia, ingawa siku hizi anaona haya kuja kwa Mama. Mungu awatunze huko mliko, awape paa lisilohojiwa na mtu.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako, mwandishi