Kuku Asiye na Chumvi

Kaka,

Nimempeleka paka kwa daktari wa mifugo. Kuku aliye kwenye sufuria ndogo ni wa paka: usimtie chumvi, wala usimwonje mpaka akaisha. Paka akirudi atapewa nyama hiyo ikiwa imelowa supu yake, ili apate maji ya kutosha. Vile vichwa vya samaki wa chumvi ulivyokuwa ukimpa nimevitupa vyote. Daktari alikwisha kutuonya kwamba kibofu chake hufanya mawe.

Leo asubuhi hakulikojolea shati lako la kazi kwa ukaidi. Alikuwa akijikamua, na matone yaliyotoka yalikuwa damu. Wewe ukamkamata mkia, ukambamiza ukutani, kisha ukacheka: "Haya, msomi, mvalishe nepi!" Ndipo nilipokupiga kwa mwiko, nikarudia hata ulipokuwa umeshapiga magoti.

~~Nisamehe.~~ Nimelifuta. Barafu ya kukandia kidole chako nilichokiumiza kwa mwiko imo kwenye friji. Kikizidi kuvimba, nenda hospitali. Damu ya paka iliyo ukutani usiifute kabla Mama hajaiona.

Daktari akiniuliza kama paka ameanguka, sitakusitiri.

Dada yako