Jiwe Lako Sishuki

Tonton Faustin,

Kabla ya salamu: jiwe lako nimelisimamia mimi, na sishuki.

Ulipokufa mwezi wa tatu, Gérard na kundi lake la wavuvi walikuja matanga kwako Etterbeek. Walikunywa kahawa yetu, na kabla ya kikombe cha pili Gérard alikuwa ameshaugawa mto mliokuwa mnavua. Lile jiwe bapa chini ya daraja, uliposimama miaka kumi na tisa kila majani yakianguka, eti apewe mkwe wake. Akanigeukia: "Wewe madame ulikuwa unamsindikiza mzee tu."

Kusindikiza! Miaka sita, Tonton. Kila Jumapili ya mwezi wa kumi, treni ya saa kumi na mbili asubuhi pale stesheni ya Gare du Nord, mimi nimebeba chai na mabuti yako. Nikamwambia jiwe ni la atakayetoa samaki aina ya perche mkubwa kuliko wako wa sentimita arobaini. Akacheka. "D'accord. Kwa vile vidude vyako vya saluni?"

Hapo alinichoma, maana wa kwanza kuvicheka ulikuwa wewe. Unakumbuka streamer yangu ya kwanza, kile kisamaki cha bandia kinachofungwa juu ya ndoana? Ninyi mnatumia manyoya ya sungura. Mimi nilitumia mèche, nywele zilezile ninazowasukia wateja saluni kwangu Matonge, nyeupe na kijani. Ulikigeuzageuza mbele ya wote: "Weye mutoto, iko unavua ao unasuka? Huyu samaki anaenda mariage?" Wakacheka mpaka mmoja akateleza akajaza maji kwenye buti. Kisha ukaniambia polepole, "Legeza kidogo." Sikusikia tena, nilikuwa nimenuna. Miaka ishirini na mbili nasuka. Nilianza na kiti kimoja cha plastiki kwenye ngazi za jengo la watu, leo ninavyo vitano. Nani wa kuniambia nilegeze?

Bon. Jumapili iliyopita nilikwenda peke yangu. Gérard na mkwe wake walikaa ng'ambo, wananitazama kama sinema. Nilirusha ulivyonifundisha: uzi ukitua, hesabu mpaka douze, kumi na mbili, kisamaki kizame, vuta mara mbili, acha. Mara arobaini na saba. Hakuna kitu. Kisamaki changu kilipita majini kimekakamaa kama kijiti cha kiberiti.

Mara ya arobaini na nane kikanasa kwenye mwamba. Nilipokivuta, uzi wa kufungia ukakatika na mèche zikafumuka zote. Msuko wangu mimi, kufumuka mbele ya watu! Nikakirusha hivyohivyo, kwa hasira.

Kabla hakijazama niliziona zile nywele zikifunguka na kujifunga, kana kwamba zinapumua. Huit, neuf, dix... sikufika douze. Fimbo ikapinda.

Perche wa sentimita arobaini na mbili, Tonton. Nilipima mara tatu, nikamwita Gérard avuke daraja apime ya nne. Akapima. Akavua kofia, sijui kwa ajili yako au ya samaki. Mkwe wake akaniuliza hizo mèche zinauzwa wapi.

Samaki nilimrudisha majini, si kwa huruma. Mwaka kesho ataongeza sentimita moja, nami nitakuwa palepale namngoja.

Sasa tusemezane. Kuhusu nywele ulikosea. Kuhusu kulegeza ulisema kweli, ila ulipaswa kulitanguliza hilo, ndipo unicheke. Ulianza na kicheko, mimi nikafunga masikio, na neno lenyewe nimelisikia wewe ukiwa chini ya udongo. Sina wa kumwambia "kumbe". Hilo... hilo sijakusamehe. Bado kidogo.

Pumzika basi. Mabuti yako nayavaa mimi, kwa soksi jozi mbili. Kila majani yakianguka nitafunga visamaki vilivyolegea na kuvirusha kutoka kwenye jiwe lako mpaka magoti yakatae, na anayelitaka aje na futi yake ya kupimia. Lakini kulegeza ni kwa samaki tu. Pale Matonge hakuna kichwa kitakachoinuka kwenye kiti changu kimelegea, hata unijie ndotoni kila siku.

Njoo tu.

Mutoto wako,
Béa