Dodoso Namba Kumi

Ujiji, 4 Julai 2024

Dada Veneranda,

Kabla hata ya salamu: yale madodoso kumi niliyokutumia kwa basi ni ya uongo. Sijamwambia mtu yeyote.

Sasa shikamoo. Huko hamjambo? Sisi wazima, ila Baba goti linamsumbua.

Uliponieleza kwamba idara yenu ya saikolojia ina watu wanaochunguza watoto wanavyojifunza, wengine kumbukumbu, na ninyi usingizi na ndoto, nilifurahi mno. Sikujua kuna watu wazima wanaokaa ofisini kufikiria ndoto. Nilitaka kukusaidia vizuri.

Nilikwenda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, nikamkuta Mzee Bonifasi amekalia mtumbwi uliopinduliwa. Nikasoma kama mlivyoandika: "Je, huwa unaota? Unaota nini?"

Akanitazama. "Naota jua, mjukuu wangu. Huoni?"

Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa walicheka mpaka wakashika viuno. Mama Jeremia akadakia, "Niandike na mimi! Asubuhi naota moto, na mgongoni nimeota jipu!"

Nikakunja karatasi zangu nikaondoka, karibu nakimbia. Nyumbani nikajaza yote kumi mwenyewe, kwa kalamu tofauti tofauti.

Nifanye nini, dada?

Mdogo wako,
Leonia


12 Julai 2024

Mdogo wangu Leonia,

Marahaba. Mimi mzima. Mwambie Baba akande goti kwa maji ya moto.

Nilishajua. Mvuvi, fundi cherehani, muuza mihogo, watu kumi wa Ujiji, na wote wanamwota mwanamke aliyebeba beseni lenye tundu lililozibwa kwa sabuni! Nilijifungia chooni wenzangu wasinione nikilia.

Hukuzibuni, Leonia. Ni ndoto zako, na beseni ni la Mama. Tangu tumzike hakuna anayemtaja nyumbani. Baba hata jina lake halitamki.

Lakini kuziandika kama za watu wengine ni uongo, kwa hiyo nimeyaondoa madodoso yako na nimemweleza Dakta Selestini, mkuu wetu. Alikasirika. Nisipompa kumi ya kweli kutoka Ujiji kufikia mwisho wa Agosti, ananitoa kwenye utafiti.

Swali ni kosa letu. Tuliliandika mezani, hatukufikiria jua wala moto. Wewe acha karatasi nyumbani. Kaa nao, geuza dagaa, subiri. Mtu akianza kusimulia, mwombe ruhusa, umwambie jina haliandikwi, ni namba tu, na kwamba hakuna atakayejua ni yeye.

Dada yako,
Veneranda


Ujiji, 25 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nageuza dagaa.

Wiki mbili za kwanza walinisalimu kwa Kiha wakinitania tu: "Mwakeye, daktari wa ndoto! Leo umeota nini?" Siku moja nikajibu. Nikawasimulia beseni, sabuni na yote. Hakuna aliyecheka. Kisha wakaanza, mmoja mmoja, mikono ikiwa bado kwenye dagaa.

Namba tatu huota ziwa limekuwa maziwa, naye analivuka hadi milima ya Kongo bila kulowa. Namba sita huota mwanawe mchanga akimsemesha kwa Kiha ambacho yeye mwenyewe amekisahau. Siku hizi nikitazama maji asubuhi, sijui ndoto zipi ni zangu na zipi ni zao.

Yametimia kumi, Dakta wenu asiwe na wasiwasi. Namba kumi ni mwanamume wa miaka hamsini na minane. Sikumwuliza chochote. Tulikuwa tumekaa ukutani tunaota jua, amenyoosha mguu unaomuuma, akasema, "Na mimi niandike." Anasema mkewe huja kila mara na beseni, humwuliza, "Umeshawageuza dagaa?" Naye hujibu, "Bado." Ameshawageuza, ila akisema ndiyo, mkewe ataondoka.

Nilimwahidi hakuna atakayejua. Sikuandika jina.

Ukifika kwenye dodoso hilo utamjua, dada. Nakuomba usimjue. Ukipiga simu Jumapili, muulize habari za goti tu, kama kawaida, na hii ibaki kwako.

Mdogo wako,
Leonia